Mdomo wa Sululu

Maji yakipwa huku Kivinje, tope la mikoko hunuka kama yai viza. Wajukuu zangu wakija kutoka mjini huziba pua na kuniuliza, "Bibi, unaishije hapa?" Mimi huwacheka tu. Harufu hiyo ikinikuta nimekaa barazani, basi akili yangu imesharudi utotoni, nina tope mpaka viwikoni, na nasikia kitu kikivunjika, ka!

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Asubuhi nilikwenda shule ya serikali, alasiri nilisoma chuoni kwa babu yangu, aliyefundisha Kurani kwenye baraza ya nyumba yetu. Bakora yake ilikuwa ndefu kiasi cha kumfikia mtoto wa nyuma kabisa bila yeye kuinuka, na mimi mjukuu wake wala sikupunguziwa. Watu wengi wa mji hawakuipenda shule. Walisema mtoto akiingia mle atatoka amebadili dini. Babu aliponipeleka mimi, tena msichana, wengine nao wakapeleka watoto wao, lakini kwa shingo upande.

Mwalimu wetu wa shule, Mwalimu Daudi, alikuwa Mkristo kutoka bara, mtu mpole sana. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha akanyamaza mpaka tukaanza kujikuna. Siku moja alituuliza kwa nini bata ana ngozi katikati ya vidole na kuku hana. Tukajikuna weee. Mwishowe akasema kila kiumbe kimepewa vyombo vyake vya kutafutia riziki na vya kuokolea roho yake, na sisi tutavielewa tukivitengeneza kwa mikono yetu. Kila mmoja achague mnyama wa pwani, amfinyange, kisha aje aeleze anaishije.

Mimi nilimchagua sululu. Mnamjua? Yule ndege wa kwenye matope, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini kama sululu ya kuchimbia, ndiyo maana jina lao moja. Mwili na kichwa nilifinyanga kwa udongo, miguu nikaweka vijiti. Ule mdomo ndio ulionitoa jasho. Nilitafuta kijiti cha mkoko kilichojipinda chenyewe, nikakikwangua kwa kigae cha chupa siku baada ya siku mpaka kikawa laini, nikakichomeka kichwani. Babu alikuwa akinipita pale uani, ananitazama.

Sasa mahali pa kumwanika. Kati ya pembe zote za nyumba ile, mimi kwa akili zangu nikamweka barazani!

Wazee walipotoka msikitini baada ya sala ya alasiri wakamwona. Mzee Mshamu, mchuuzi wa samaki ambaye mjukuu wake Juma nilisoma naye, ndiye aliyeanza.

"Lahaula! Sanamu? Nyumbani kwa mwalimu wa chuo?"

"Ndiyo wanayofundishwa huko," mwingine akadakia. "Na siku ya kiyama aliyelitengeneza ataambiwa alitie roho."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na bibi yangu, nimekauka kwa hofu. Wallahi, msinicheke, nilivuta pumzi nikaanza kupuliza polepole, nione kama nitaweza.

"Sisi kesho watoto wetu hawaendi tena shule," akasema Mzee Mshamu. "Na huyu wako je?"

Babu akaniita. "Somoe, njoo. Nipe huyo ndege wako."

Nikatoka, nikampa. Kisha nikafumba macho. Nikasikia ka! Nilikimbia mpaka uani, nikajitupa kwenye mkeka nikalia mpaka nikapata kwikwi. Bibi alichelewa kunifuata. Sikusikia tena walichosema barazani. Nilichojua ni kwamba shule yangu imekwisha, kilichobaki ni kukaa ndani na kungoja kuposwa.

Jioni Babu alikuja uani na kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mwili usio na kichwa, na ule mdomo.

"Kesho mpelekee mwalimu wako. Mwambie babu amesema, hivi vinafaa."

Nilidhani ananikejeli. Nilimchukia Babu usiku ule, nasema kweli. Kesho yake nikabeba kitambaa kile kama mtu aliyebeba maiti, nikijua nakwenda kuaga. Nilipofika darasani nikashangaa: watoto wote walikuwapo, hata Juma wa Mzee Mshamu.

Mwalimu Daudi alikifungua kitambaa, nami nikamwambia babu amesema hivi vinafaa. Akauchukua mdomo, akaujaribu ncha kwa kidole, na uso wake ukakunjuka.

"Kumbe!" akasema. "Acheni kufinyanga mnyama mzima. Nitengenezeeni chombo chake tu."

Basi tukatengeneza vyombo. Mmoja alikata mguu wa bata kwenye mpira mkuukuu wa baiskeli, mwingine akachonga gando la kaa. Juma alileta kijimdomo cha shomoro. Maji yalipopwa Mwalimu akatupeleka ufukweni, akafukia vipande vya muhogo ndani kabisa ya tope, akasema tuvitoe kwa vyombo tulivyotengeneza tu, mikono mwiko. Juma alikwaruzakwaruza mpaka akakaa kitako topeni. Mimi nilizamisha mdomo wangu wa sululu, nikavitoa kimoja baada ya kingine, nikaringa kupita kiasi. Kisha Mwalimu akamwaga punje za mchele mchangani, na hapo Juma akala peke yake, mimi mdomo wangu mrefu ukawa kero tupu. Somo lile sikulisahau tena.

Tulipoinua macho tukamwona Babu kasimama ukingoni na Mzee Mshamu.

"Hebu lete nijaribu," Babu akaniambia. Akapandisha kanzu, akainama, akachokora tope akihema. Alipotoa kipande cha muhogo akasema, "Alhamdulillahi, nimepata riziki!" Tulicheka sote, na Mzee Mshamu naye.

Babu alifariki kabla sijawa mtu mzima. Nilikuwa tayari nina watoto wangu nilipomweleza bibi yangu jinsi nilivyochukia siku ile. Alinishangaa. Ndipo aliponisimulia yale yaliyonipita. Babu alikisaga kile kichwa mpaka kikawa vumbi, akawaambia wazee, "Kisicho na kichwa si sanamu. Mmeridhika?" Wakasema wameridhika. "Basi kesho mjukuu wangu anakwenda shule, na wenu waende."

"Na mdomo?" nikamuuliza Bibi. "Ulisalimikaje?"

"Aliuchomoa kwanza," akasema. "Taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba, ndipo akavunja shingo. Alikuwa amekuona ulivyohangaika nao. Kwani wewe hukuona? Si ulikuwa umesimama mbele yake?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, lakini nilikuwa nimefumba macho.