Visahani vya Karibu na Mlango

Siku ya kwanza nilipokata kichwa cha kitoto cha panya, chakula hakikunipita kooni. Wiki ya tatu nilikuwa nakata kumi huku nikiwaza nitakula nini mchana. Ilikuwa 2014, mjini Columbus, nami nilikuwa mwanafunzi wa Kikenya mwenye haraka ya kuitwa daktari.

Seli changa ya neva huotesha matawi, na kwa matawi hayo husikia seli nyingine. Nilitaka kuthibitisha kwamba kimeng'enya fulani, ambacho kazi yake ni kupitisha ujumbe ndani ya seli, ndicho kinachoamuru matawi yakue. Seli za panya nilizikuza kwenye visahani ndani ya kabati la joto. Nusu ya visahani nilivitia dawa ya kukizima kimeng'enya, nusu nikaviacha. Vya dawa vilitoa matawi mafupi, mwezi baada ya mwezi. Shahada yangu yote ilitegemea ufupi ule.

Vyombo vyetu vilioshwa na mama mmoja Mkongo, aliyekuwa muuguzi Bukavu kabla ya kukimbia vita. Kila asubuhi alitoka Reynoldsburg kwa mabasi mawili, na ndiye peke yake maabara nzima aliyepiga pasi koti lake jeupe. Langu lilikuwa na doa la mchuzi. Kazi ile aliipenda mno, alisema ilimkumbusha wodi yake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Asubuhi moja alinijia taratibu, mikono ingali na povu.

"Mutoto yangu, zile za dawa unawekaka siku zote pale ku mlango. Mlango inafunguka, baridi inaingia. Bon, geuza mara moja, tuone."

Nilimwambia, "Mama, wewe osha vyombo."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini sikulala vizuri, kwa sababu alisema kweli: vya dawa nilivipanga mbele kila mara, nivifikie upesi. Nilimchukia kwa kuona. Ijumaa nilimwambia profesa, mkuu wa maabara yetu, kwamba yule mama anagusagusa visahani vyangu. Hakuwahi kugusa hata kimoja. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa, na hakuna aliyemweleza sababu. Aliliacha koti limekunjwa juu ya sinki.

Mimi nilikwenda Louisville kwenye mkutano wa wataalamu, nikabandika picha za matawi yangu mafupi ukutani, nikapigiwa makofi. Maabara moja ya Buffalo ilitaka kurudia jaribio, ikashindwa kupata nilichopata. Wakaniita nikawaonyeshe kwa mikono yangu. Kule, fundi wao alihamisha visahani kila siku, vya mbele nyuma, vya nyuma mbele, bila hata kufikiri, kama mtu anayegeuza chapati. Baada ya wiki mbili niliangalia kwenye hadubini. Matawi yalilingana, yenye dawa na yasiyo na dawa.

Nilimwambia profesa kwamba kopo la dawa lilikuwa bovu. Sura ile ya tasnifu niliiondoa kimya kimya, nikaandika nyingine, shahada nikapata.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule mama baada ya ibada ya Kiswahili, Westerville. Siku hizo kazi yake ilikuwa kufungasha viatu kwenye ghala, na vidole vyake vimepasuka kwa baridi. Alinisalimia kwa furaha, akanipongeza kwa shahada, kisha akanivuta pembeni.

"Ile visahani, uligeuzaka?"

Profesa angenisikiliza. Neno moja langu lingemrudisha kwenye sinki lile siku ya Jumatatu. Nilimtazama usoni.

"Niligeuza, mama. Hakuna kilichobadilika."

Alishusha pumzi ndefu.

"Bon. Kumbe mie njo nilikosea. Nilikuwa nawaza walinifukuza bure."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.