Kuigiza Baba za Watu

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimamishwa kabla sijamaliza sentensi moja. Ilikuwa ndani ya ghala la Dubai Investments Park. Mafundi walikuwa wamejenga sebule ya filamu mle ndani, nami niliigiza mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni. Nilifungua kinywa kama nilivyofunzwa Unguja, kwenye kikundi chetu cha maigizo, ambako hatukuwa na vipaza sauti na mwalimu wetu alitaka tusikike hadi kwa aliyekaa mlangoni. Mshika maiki akavua vifaa vyake masikioni. Muongozaji akasema "Khalas," yaani basi, akanivuta pembeni.

Muongozaji yule alikuwa Mwarabu wa hapahapa, lakini bibi yake mzaa mama alikulia Unguja, na Kiswahili alikipata kwake.

"Mzee Shaame, mgeni wako yuko karibu yako," aliniambia taratibu. "Unamkaribisha yeye au unaukaribisha mtaa mzima?"

Niliona haya. Nilikuwa tayari kurudi Bur Dubai, kwenye duka la vitambaa nilikokuwa nikiuza, na lau angenifokea ningekwenda kweli. Badala yake alinikalisha mbele ya kioo anachotazamia picha, akanionyesha uso wangu ulivyokijaza. Nyusi zikipanda kidogo tu, pale ilikuwa habari nzima. Hiyo ndiyo picha ya karibu, na ndiyo iliyonifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Sinema ya hapa wakati huo ilikuwa changa, na sote tulikuwa tunajifunza. Nilijifunza alama, kile kipande cha utepe kinachobandikwa sakafuni ili mwigizaji asimame palepale bila kutazama chini. Ukipapita, picha inaingia ukungu. Nilijifunza mwendelezo: kikombe ulichokishika kwa mkono wa kushoto asubuhi, jioni ukishike kwa huohuo, maana vipande vile vitakuja kuunganishwa. Jukwaani ukikosea unasonga mbele. Huku unarudia, na kurudia kunataka subira. Lakini jukwaa halikuniacha mikono mitupu. Nilikuwa naweza kuweka mazungumzo marefu kichwani na kungoja zamu yangu bila kununa. Nyota sikuwahi kuwa. Nilikuwa baba wa bibi harusi, baba wa mgonjwa, baba wa mtu aliyepotea safarini. Vijana wa kazini wakaniita Ammi, kwa Kiarabu baba mdogo, na jina likanikaa.

Kisha koo likaniuma. Daktari aliona uvimbe, nikapasuliwa. Nilipona, alhamdulillahi, ila sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu anayenong'ona nyuma ya pazia. Na wakati huo nilishakubaliwa na muongozaji mwingine, mwanamke tuliyemwita Madam, niigize baba ambaye mwanawe anarudi nyumbani baada ya kifungo. Sijawahi kupewa maneno mengi kama yale. Mke wangu Mwanaidi alinambia nisimfiche Madam. Nikaenda ofisini kwake, nikamnong'oneza atafute mwigizaji mwingine.

Nikaanza kuinuka.

"Kaa, Ammi," alisema. Akachukua kalamu, akafuta maneno yangu yote ya siku ile ya mwana kurudi. "Ukitaka kumsamehe mwanao bila kusema neno, utafanya nini?"

Nikamfikiria marehemu baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno. Hasira zake zikishapoa, alikuwa akimmenyea chungwa yule aliyemkosea. Nikamwambia hivyo. Madam akaagiza machungwa.

Tulipopiga picha, kijana aliyeigiza mwanangu aliingia, akakaa. Mimi nikamenya, nikapasua vipande, nikasukuma kisahani upande wake. Kila tuliporudia lilitakiwa chungwa jipya, na mara za mwanzo nilimenya nikihofu kwamba hapa ndipo watakapojua nimekwisha. Halafu ikafika mara moja nikaisahau kamera. Nilimwona kijana yule amekonda, nikataka ale. Basi. Madam hakusimamisha. Aliacha kamera iende hadi kijana akatia kipande kinywani, machozi yakamtoka. Watu wote wa kazi walirudi makwao siku ile na machungwa mifukoni.

Baada ya filamu ile waongozaji walianza kuniandikia wazee wasiosema sana, nikaendelea miaka mingi nisiyoitarajia. Niliacha pale magoti yalipokataa kusimama kwenye alama. Madam alikuja kuniaga nyumbani kwa binti yetu tunakoishi, Jumeirah Village Circle, akala wali wa Mwanaidi akaomba na wa kubeba. Nikitazama nyuma naona nilipata bahati ya wakubwa wawili ambao, kila mmoja kwa wakati wake, angeweza kuniambia niende zangu, na hakuniambia.

Juzijuzi mlinzi wa jengo letu, Wafula, Mkenya wa Bungoma, alinisimamisha karibu na lifti.

"Mzee, samahani kukusumbua. Si ni wewe ulikuwa kwa ile movie, ile ya baba na machungwa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza kwamba aliitazama kwenye simu, huko wanakolala wafanyakazi, na kwamba yeye na babake walikuwa wamekosana juu ya shamba, hawajaongea tangu aje Dubai.

"Ile siku nilimpigia," alisema.

Nikamuuliza, kwa sauti yangu hii, mzee alisema nini.

"Shamba hakutaja. Aliniuliza tu kama huku nakula vizuri."

Nilimshika mkono. Lifti ikaja, ikaenda, na sisi tukabaki tumesimama palepale.