Sababu ya Kuanguka

Juzi nikisubiri majibu ya vipimo katika kituo kimoja cha afya hapa Bariadi, nilimwona muuguzi wodini, kando ya kitanda, akijaza kwenye kompyuta fomu ya taarifa ya bibi aliyeanguka kutoka kitandani. Pembeni yake alikaa mtaalamu aliyeitengeneza fomu hiyo. Alikuwa ametoka Dar kuja kuona inavyotumika.

"Mayu, umeangukaje?" muuguzi alimuuliza bibi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimesikia ng'ombe wanarudi, mwanangu. Nikajua niko kwangu Mwanhuzi. Nikainuka nikawafungulie zizi."

Muuguzi akazitazama sababu alizopewa achague: sakafu yenye utelezi, kitanda kibovu, mgonjwa kukosa uangalizi. Pa kuandika maneno yake mwenyewe hapakuwepo.

"Nilipaondoa," mtaalamu alisema. "Watu walikuwa wanaandika hadithi."

Muuguzi akaguna, akachagua utelezi, ingawa sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Basi wakubwa watasoma, wataagiza sakafu ipigwe deki vizuri. Hawatajua kwamba hadithi ndiyo iliyomwangusha bibi. Nilipokuwa natoka, nilimwona ameketi tena ukingoni mwa kitanda, sikio dirishani, miguu yake ikizitafuta kandambili.