Sala Iliyoendelea Bila Eunike

Huko chuoni walisema Eunike alipandwa na pepo. Si kweli. Katika nyumba ya marehemu Mwinjilisti Frederick, kule juu ya Ngaramtoni, hajapata kupandwa mtu pepo, na aliyeanza kulitangaza jambo hilo alikuwa ameketi nyuma kabisa. Kilichotokea ni hiki.

Eunike, binti wa Frederick, alilelewa kwenye sala kama wenzake walivyolelewa kwenye kahawa na migomba. Wageni wakija, kabla sufuria haijafunuliwa, baba yake alimwita aombe. Akimaliza, baba alimsahihisha mbele yao: "Umewaruka wagonjwa. Na wasafiri je?" Akajua njia yote: shukrani, toba, wagonjwa, wasafiri, viongozi. Baba alipofariki, binti alikuwa ameshaimudu kuliko wachungaji wengine.

Kwa hiyo alipoingia chuo cha kanisa, kwenye mteremko wa Meru, hakuchelewa kujulikana. Mika, aliyeongoza ibada za wanafunzi, alimbandika jina la Mama Mchungaji. "Sisi tunaomba kwa bando la siku," alimtania, "mwenzetu bando lake haliishi!"

Asubuhi moja ya Juni ukungu ulishuka mpaka madirishani mwa kanisa. Wanafunzi walikuwa kwenye maombi ya pamoja, kila mtu kwa maneno yake, wote kwa mpigo mmoja, mpaka kengele igongwe. Eunike alikuwa amefika kwa wagonjwa kooni kulipomkereketa. Akafunga mdomo ameze mate.

Sauti yake haikunyamaza.

Aliisikia kando ya sikio lake, ikiwamaliza wagonjwa na kuvuka kwa wasafiri, kwa vituo vilevile alivyorithi kwa baba. Akajishika midomo. Ilikuwa imetulia, ya baridi. Kengele ikalia, makelele yakakatika, na ile sauti ikamalizia peke yake: "...na viongozi wetu. Amina."

"Amina!" wakaitikia. Mika akamgeukia akicheka. "Leo umeshusha moto, Mama Mchungaji."

Sauti ilimtisha, lakini swali lililoifuata lilimtisha zaidi: tangu lini? Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwambia Mungu neno lake mwenyewe, asikumbuke.

Wiki hiyohiyo Angel, waliyelala naye chumba kimoja bwenini, alimshika mkono. Mama yake Angel alikuwa amelazwa, hali mbaya.

"Dada Eunike, Jumapili ya wazazi umwombee mama mbele ya watu."

"Si uombe mwenyewe?"

"Mimi nani? Nimeanza kusali mwaka jana tu, hata maneno sina. Wewe unasikilizwa." Machozi yakamlenga. "Usinikatalie, dada."

Eunike hakukataa. Angekataaje, binti wa mwinjilisti?

Jumapili, mama yake Eunike, Mama Kandida, alishuka kutoka nyumbani na kitenge kilichonyooshwa vizuri, akamwekea binti yake kola sawa mlangoni. "Simama kama baba yako," akamwambia. "Watu wanatutazama."

Eunike akaenda mbele. Vichwa vikainama. Kabla hajavuta pumzi, sala ikaanza yenyewe, nyuma yake, upande wa dirisha lenye ukungu. Ilikuwa nzuri. Alichotakiwa kufanya ni kuchezesha midomo tu. Aliichezesha. Mama yake, benchi la mbele, alikuwa akitabasamu macho yamefumbwa. Kisha sauti ikafika kwa wagonjwa, ikamtaja mama yake Angel kwa wepesi uleule wa siku zote, ikampita kama mtu anayepita mlango wa jirani. Angel alikuwa akilia.

"Nyamaza!" Eunike akapaza sauti.

Macho yote yakafumbuka.

"Angel, hiyo si mimi. Mimi najua kusema tu. Kama kuna anayenisikia, sijui. Ee Mungu, mama yake Angel anaumwa. Ni hilo tu."

Akaketi. Hakuna aliyeitikia. Nyuma mtu alinong'ona, "Kapandwa huyo." Angel alimtazama kama mtu aliyeporwa, akatoka nje.

Njiani kurudi nyumbani, Mama Kandida alisema mara moja tu: "Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungesema ninyamaze, mama."

"Ningesema, ndiyo."

Jioni jirani yao, Mama Anyesi, alifika bila kuitwa, amekuja kunusa. Wakapakua mtori wa ndizi. "Haya, mwanangu," akasema jirani, jicho pembeni, "tuombee kama zamani."

Eunike akainamisha kichwa, mdomo ameufunga. Jikoni, ambako hapakuwa na mtu, sauti yake ikaanza kushukuru kwa ajili ya chakula. Ikatubu. Ikawaombea wagonjwa, wasafiri na viongozi, haikuruka hata mmoja.

"Amina!" Mama Anyesi akaitikia, uso umekunjuka. "Kumbe walikuwa wanamzushia mtoto wa watu!" Akanyoosha mkono kwenye kijiko.

Hapo jina la nyumba lilikuwa limeshapona. Ilibaki mama mwenye nyumba aitikie tu. Lakini Mama Kandida alikuwa amefumbua macho mapema. Aliutazama mdomo wa binti yake, akautazama mlango wa jikoni, akaurudia mdomo, muda mrefu, mtori ukipoa.

"Weka kijiko, Mama Anyesi," akasema. "Bado hatujaomba."