Jina Ambalo Marceline Hakulitaja

Katika shule moja ya msingi huko Panda, Madame Marceline alifundisha ubaoni watoto sitini na wawili wa mwaka wa kwanza. Msaidizi wake, Alphonsine, mjane wa mfanyakazi wa kiwanda, alipita kati ya madawati akichonga penseli, akifuta kamasi, akikaa na waliobaki nyuma. Kazi yake ilikuwa nusu ya darasa, lakini serikali haikumjua wala kumlipa.

Mgumu kuliko wote alikuwa Orpa. Alikuwa na miaka saba, hasemi, haandiki, akiitwa anajificha. Tusifichane: Marceline alikuwa amemkatia tamaa. Alphonsine hakumkatia. Kila mapumziko alitandaza unga wa mahindi kwenye sinia, akamshika mtoto kidole, wakaandika pamoja. Miezi mitano hivyo hivyo, hata Orpa akasoma jina lake kwa sauti.

Mwezi wa Mei akaja mkaguzi. Alitaka pia majina ya wasaidizi wanaofaa kuombewa ajira ya serikali, na shule nzima ilijua. Orpa akasimama, akasoma mistari mitatu.

"Huyu mutoto, ni nani alimufundisha?" mkaguzi akauliza.

Alphonsine alikuwa mlangoni, kitambaa cha ubao mkononi. Marceline alimwona vizuri.

"Ni minye, Monsieur l'inspecteur," akasema, akijigusa kifuani.

Ulimi hauna mfupa. Marceline alisifiwa, akatabasamu, na mkaguzi akaondoka bila jina la msaidizi yeyote. Mwaka wa shule ulipoisha, Alphonsine aliacha kazi. Hakugombana na mtu.

Majuto ni mjukuu, na ya Marceline yalichukua mwaka mzima kumpeleka sokoni, alikosikia kwamba Alphonsine anakaanga maandazi.

"Mama Alphonsine, nilikukosea. Ile siku ya inspecteur nilipashwa kutaja jina yako. Unisamehe."

Alphonsine aligeuza maandazi kwanza.

"Nilisha kukusamehe, Madame. Na Orpa? Iko anasoma muzuri?"

Orpa alikuwa ameacha shule tangu kabla ya Pasaka. Hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa naye, na Marceline hakwenda hata kwao kuuliza. Alifungua kinywa aseme hivyo.

"Iko anasoma," akasema.

Uso wa Alphonsine ukachanua. Alichagua maandazi manne makubwa, akayafunga kwenye karatasi.

"Umupelekee. Umuambie ni minye."

Marceline akayapokea.