Halbadiri ya Golikipa

Mwaka ule timu ya chuo ilifungwa mpaka wauza kahawa wa bandarini wakachoka kuicheka. Mechi saba, pointi moja, na hiyo moja waliipata siku uwanja ulipojaa maji, mpira ukagoma kwenda. Kocha wao, mwalimu Kasiani, alikuwa mtu wa Peramiho aliyehamishiwa Mtwara kufundisha hesabu, akatwishwa timu pia kwa kuwa ujanani aliwahi kucheza beki. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, maana huko mbele utamchukia.

Golikipa alikuwa Saidi, kijana wa Mpapura, mwaka wa pili. Kwenye mechi ya tatu alianguka vibaya, kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba. Akamfuata Kasiani wakiwa wawili tu. Kasiani akaufunga bandeji, akamvalisha glavu juu yake, akamwambia, "Usimwambie mtu. Wapinzani wakijua watapiga upande huo huo. Vumilia, sina kipa mwingine." Saidi akavumilia. Mabao yakawa yanaingia kushoto kwake, mepesi, ya kudakwa hata na mtoto.

Basi maneno yakazuka: Saidi anauza mechi. Nahodha, Omari, akaenda ofisini kwa Kasiani na wenzake wawili. Walitaka kusoma halbadiri, ili aliyeuza mechi, awe yeyote, imkamate. Huku halbadiri si mzaha. Mwizi akisikia inasomwa hurudisha mali kabla kisomo hakijaisha. Kasiani alitakiwa aseme neno moja tu, kwamba mkono wa kipa ni mbovu. Lakini mkuu wa chuo alishatoa onyo kali juu ya kuchezesha majeruhi, na kibarua kingeota nyasi. Akajiona mjanja: yeye Mkatoliki, hayo hayamhusu, na Saidi hana kosa, kwa hiyo hatadhurika.

"Someni," akasema.

Wakasoma Alhamisi baada ya alasiri. Saidi mwenyewe alikaa mstari wa mbele, akaitikia amina kwa sauti, maana roho yake ilikuwa safi.

Jumamosi, dakika ya ishirini, aliruka kushoto, na mfupa ukaalika hata waliokaa kwenye benchi wakausikia. "Imemkamata!" mtu akapaza sauti, uwanja mzima ukapokea. Saidi alilala kwenye nyasi ameukumbatia mkono, akawaambia waliomzunguka, "Muulizeni mwalimu. Mwalimu anajua."

Wakamgeukia Kasiani. Mkuu wa chuo naye alikuwa amesimama palepale.

"Hakuniambia kitu," akasema.

Mtu mzima, mwalimu wa watu, akasema vile mchana kweupe. Wenzake Saidi wa chumbani walimtolea godoro nje, kesho yake akarudi kwao. Mechi mbili za mwisho timu ikafungwa tano, halafu sita, kipa akiwa mwingine, na safari hiyo hakuna aliyetaka kumsomea mtu.

Kasiani alikosa raha, chakula kikamshinda. Chuo kilipofungwa akapanda bodaboda hadi Mpapura, amejiapiza kwamba leo atasema kweli, liwalo na liwe. Alimkuta baba yake Saidi, mzee Yusufu, anaanika korosho uani. Saidi alikuwa mkekani, mkono umefungwa kipande cha kanga, umepinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Huu mkono hamkuupeleka hospitali?"

"Hospitali wataunga nini? Huu umeshikwa na kisomo. Nilisema hauguswi mpaka tupate radhi ya waliokosewa. Nilikuwa nije kwako, aibu ikanizuia." Mzee akapiga magoti mbele ya mtu wa umri wa kuwa mwanawe. "Mwanangu anakana mpaka leo. Lakini mimi namuombea. Msamehe, mwalimu."

Kasiani alimtazama Saidi. Saidi alikuwa anamtazama yeye, anangoja. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwepo, ni kufungua kinywa tu. Mzee alikuwa bado yuko magotini.

"Nimemsamehe," Kasiani akasema. "Sasa mpelekeni hospitali."

Mzee Yusufu akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akamwambia kijana wake ashukuru.

Saidi akaangalia chini.

"Asante, mwalimu," akasema.