Nyasi Alizotutandikia Bibi

Baba mdogo hapati usingizi. Ndiyo sababu aliniita nyumbani kwake Miembeni mwezi uliopita, nami nikaenda na kinyongo changu chote, maana mzee huyu simpendi, na sioni kwa nini nikufiche wewe uliyenivumilia siku nyingi.

Wanawe wamemtengenezea chumba. Laiti ungekiona! Pazia zito la rangi ya kahawia, godoro nene ambalo mzee analipanda kwa taabu, taa hafifu ukutani, kichupa cha mafuta ya mchaichai, na juu ya stuli kuna simu inayotoa mlio wa mvua. Mvua ya kwenye simu, Bukoba! Mji ambao mvua yenyewe inatwanga mabati karibu mwaka mzima bila kuombwa. Binti yake mkubwa alinieleza, kwa sauti ile ya mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba mtu akitaka kulala vizuri chumba kiwe na giza, kiwe na ubaridi kidogo, na kiwe kimya kabisa. Nikamsikiliza huku nikinywa chai yao. Nilitaka kucheka kwa hasira.

Mzee mwenyewe alisubiri binti atoke. "Wewe ulikulia kwa Mama kule Nshamba," akaniambia. "Mle ndani watu walikuwa wanalala, waitu, mwanangu. Alikuwa anafanyaje? Nieleze, hawa watoto wanifanyie."

 Ngoja nikueleze wewe kwanza.

Nyumba ya bibi, huyo mama yake, ilikuwa ya udongo, imezama katikati ya migomba na mibuni, na chini hapakuwa na sakafu unayoijua wewe. Palikuwa na nyasi. Kila Jumamosi bibi alitutoa mimi na mdogo wangu wa kiume tukapanda naye rweya, ule uwanda wa nyasi ulioanza pale vibanja, mashamba ya migomba ya watu, vilipoishia. Yeye alikata kwa mundu, sisi tukafunga mizigo kwa kamba za migomba. Usidhani nilifurahia. Nyasi zilinichoma shingoni, sisimizi wakanitambaa mgongoni, na bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukilalamika alikuongezea mzigo, kisha akatembea mbele bila kugeuka.

Tukifika nyumbani tulizoa nyasi za wiki iliyopita, zilizosagika na kuwa nyeusi, tukazitupa kwenye mashina ya migomba. Halafu bibi alitandika mpya, fungu juu ya fungu, ncha zote zikielekea upande mmoja. Nyumba nzima ilinukia jua. Jioni tulikula ndizi na maharage yaliyoivia chini ya majani ya mgomba, tukanawa miguu kwa maji ya moto nje ya mlango, kwa sababu mguu wenye tope haukukanyaga nyasi za bibi hata kama ni wa padri. Tulisali rozari tukisinzia. Baada ya hapo alifukia makaa kwenye majivu, na kuanzia wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia ugomvi. Jirani aliyekuja na kesi yake ya mpaka aliambiwa aiache kwenye migomba, hapa watu wanataka kulala. Ndipo tulipotandika mikeka juu ya nyasi.

Sasa nikwambie habari ya mdogo wangu. Mama yetu alifariki siku ya kumzaa. Baba alikuwa akichukua samaki kisiwani Bumbire, na siku moja ziwa likamchukua yeye. Mtoto yule akaacha kulala. Giza likiingia tu, alikaa kitako akiwa amekumbatia magoti, na ukimlaza anainuka. Alikuwa na wazo kwamba watu wanaondoka ukifumba macho. Ungemlaumu? Kwake yeye ndivyo ilivyokuwa.

Bibi hakumpeleka kwa mganga wala hakumchapa. Alimpa fungu lake la nyasi, alikate mwenyewe na kulitandika mwenyewe, katikati, baina yangu na yeye. Akamwambia: "Mwanangu, fumba macho lakini acha masikio wazi. Mtu hawezi kuondoka humu bila nyasi kusema."

Na kweli zilisema. Mtu akigeuza ubavu, akinyoosha mguu, akijikuna, nyasi zilitoa mlio mdogo mkavu. Mdogo wangu alilala akitusikiliza. Akisikia chakacha upande wa kulia, huyo ni bibi. Chakacha upande wa kushoto, huyo ni dada. Alikuwa ametuhesabu, tupo, basi anazama usingizini na mdomo wazi. Mimi nilijifunza kugeuka makusudi nikiona bado anakodoa macho. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya bibi, na haikuwa na kimya ndani yake hata kidogo.

Baba mdogo wakati huo alikuwa kijana wa mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi, viatu vinang'aa, na amepata mchumba katika familia inayojiona. Wakwe walikuwa waje Nshamba kumtambua mama yake. Alikuja wiki moja kabla, akasimama mlangoni, akaziangalia nyasi kama mtu aliyeona mzoga. "Watu watasema nimezaliwa kwenye zizi," alisema. "Humu kuna viroboto." Bibi alimjibu kwamba viroboto hao walimlea hadi akaota ndevu.

Baba mdogo hakubishana naye. Alisubiri bibi aende msibani kijiji cha mbali, akaleta pikapu, mafundi na mifuko ya saruji. Nilikuwepo. Niliona nyasi zetu zikitupwa nje kwa koleo, fungu la mdogo wangu likiwa humo humo, na yule mtoto akizikimbilia na kuzirudisha ndani kwa mikono hadi fundi alipomfungia nje. Bibi aliporudi, sakafu ilikuwa imekauka, ya kijivu, inateleza. Alivua kanga ya msibani, akaikunja, akakaa juu ya kizingiti, hakuingia hadi giza lilipomlazimisha.

Usiniambie alikuwa na nia njema. Nimeambiwa hivyo na mapadri, na shangazi, na mume wangu. Mtu mwenye nia njema hasubiri mwenye nyumba aende kuzika.

Wakwe walikuja, wakasifu sakafu, wakaondoka. Sisi tukabaki nayo. Msimu wa mvua ilitoa jasho, mikeka ikalowa chini. Bibi alijaribu kutandika nyasi juu ya saruji, lakini hazikushika, kila tukitembea zilikimbilia pembeni na kujikusanya kwenye kuta. Na mdogo wangu hakusikia kitu. Mtu akigeuka kwenye saruji hakuna kinachosema. Akaanza kuita. "Bibi, upo?" Nipo. "Dada, upo?" Nipo. Ukikawia kujibu alipiga kelele za kukata roho.

Baba mdogo alikuwa akija na mchumba wake kulala pale ili amwonyeshe nyumba iliyotengenezwa. Kelele zile zikamwaibisha. Akasema mtoto ana kichaa cha ukaidi, bibi anamdekeza, na kinachomfaa ni kazi za wanaume. Akampeleka kwa mjomba wetu Bumbire. Sikiliza vizuri hilo: mtoto aliyepoteza usingizi kwa sababu ya ziwa, alipandishwa mtumbwi na kuvushwa ziwa lile lile. Bibi alimfuata hadi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akimsihi. Alipiga magoti mbele ya mwanawe mwenyewe, kwenye mchanga, watu wanaona. Baba mdogo alimwinua, akampangusa kanga, akasema, "Mama, utanishukuru."

Hakumshukuru. Bibi aliendelea kulala pale katikati, mahali pa mtoto, hadi alipofariki. Mdogo wangu alikulia kisiwani na sasa ni mtu mzima anayefanya biashara ya dagaa. Tukikutana tunasalimiana kwa adabu kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Mkewe amenilalamikia kwamba mumewe hawezi kulala bila redio kuwashwa, inaongea mpaka betri zinakwisha. Nilimwambia amwachie.

Juzi juzi nilipita Nshamba. Rweya ile yote imepandwa misonobari, kila kipande kina mwenyewe, na chini ya miti hiyo hakioti kitu. Nyumba ya bibi imebomolewa. Wajukuu wa majirani hawajui kwamba chini paliwahi kutandikwa chochote isipokuwa vigae au mazulia ya plastiki. Ukiwaambia watu wazima walilala juu ya nyasi wanakuonea huruma. Acha wanionee. Mimi sijalala vile tangu siku ile, na nina kitanda kizuri.

Basi turudi Miembeni. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa lile godoro, miguu yake imevimba, haigusi vizuri vigae. Mkewe alishafariki. Wanawe wamejenga juu, yeye wamempa chumba cha chini ili asisumbuliwe.

"Kinachoniua ni kimya hiki," alisema. "Nikijilaza sisikii mtu. Najiambia wameondoka wote. Nashindwa kufumba macho, naogopa, mimi mzee mzima." Akanishika mkono. "Mama alikuwa anafanya kitu fulani. Wewe unakijua. Niambie, mwanangu."

Nilikuwa nakijua. Kilikuwa mdomoni. Ningeweza hata kumwambia binti yake ahamie chumba cha pili, alale mlango wazi, ageuke geuke, na mzee angelala siku hiyo hiyo. Nilimtazama, nikaona mikono ile iliyompangusa bibi kanga pale mwaloni.

"Sikumbuki, baba," nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu. "Hata mimi," akasema. "Na yule alikuwa mama yangu."